Picha Iliyoanikwa Kambani

Jogoo alikuwa bado hajawika, na mtu alikuwa akigonga msumari ukutani kwa kisigino cha kiatu. Aligonga polepole, akatulia, akagonga tena, kama mtu anayewahurumia waliolala lakini hataki kuacha anachokifanya. Zita alifumbua macho gizani. Baridi ya Litembo ilikuwa imepenya blanketi mpaka magotini. Akajifunga khanga, akatoka chumbani.

Sebuleni alimkuta Shangazi Gertrude, dada wa baba yake, amesimama juu ya kigoda, kiatu mkononi, kibatari kikifuka mezani. Kati ya kalenda ya parokia na picha ya Bikira Maria alikuwa ametundika picha ya mwanamume, ndani ya fremu mpya ya kioo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, bibi harusi. Nimekuamsha? Pole, mama. Nimetaka wageni wakija leo wamkute kijana wao ameshakuwa mwenyeji."

Kijana mwenyewe aliitwa Joakim. Mwaka ule makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameanza kununua kahawa, na vijana kama yeye walipanda milima ya Umatengo kwa magari madogo yenye mizani nyuma na redio mbele. Pichani alivaa koti lililomzidi mabega, kalamu mfukoni. Uso wake ulikuwa mwema. Hata Zita, ambaye hakutaka kuuona, aliona kwamba ulikuwa mwema.

"Imeletwa jana na dereva wake," Shangazi alisema akishuka kigodani. "Na salamu juu. Anasema ile yako ameipeleka Songea, ameikuza, ameiweka mbele ya kitanda. Anasema, 'Mama, tangu nizaliwe sijatazamwa na mwanamke namna hii.' Umesikia maneno hayo?"

Zita alisikia, akasogea karibu na meza.

"Picha ipi, Shangazi?"

"Yako."

"Ipi? Mimi nilipigwa ya kusimama. Ni wewe uliyesema ya kusimama, miguu ionekane, waone mtu wa kulima mashimo ya ngolo mlimani."

"Ile ulifumba macho, mwanangu. Ungedhaniwa marehemu." Shangazi alicheka, akavaa kiatu chake. "Nilipofika studio pale Mbinga kuichukua, nikakuta nyingine imeanikwa kambani, ya uso, bado inadondosha maji. Nikasema, hii hii! Nikaing'oa."

"Na Emilian alisema nini?"

"Yule mpiga picha? Aseme nini? Alinipa bahasha."

Zita alikaa kitini taratibu. Siku ile ya studio ilimrudia nzima. Alipokwisha kupigwa ile ya kusimama, Emilian alisema bado filamu ina nafasi. Akasogeza kiti. Akasema, "Usitabasamu. Usifanye chochote. Nitazame tu." Na yeye, ambaye tangu mavuno yaliyopita alikuwa akitafuta sababu za kushuka Mbinga ili apite mbele ya mlango ule, alimtazama. Alimtazama kwa yale yote ambayo hakuwahi kuyasema hata kwenye maungamo. Alijua Emilian ameyaona. Mkono wake ulikuwa umechelewa kubonyeza.

Sasa macho yale yalikuwa mbele ya kitanda cha mtu mwingine. Na Emilian alitoa bahasha.

"Mbona umekunja uso?" Shangazi aliuliza. "Nenda kaoge. Leo ni Komunyo ya Kwanza, misa itakuwa ndefu, na baada ya misa wageni ndio hao."

*

Misa ilikuwa ndefu kweli. Zita hakusikia mahubiri. Alisikia moyo wake tu, ukienda kama mtwangio.

Nje ya kanisa, kati ya mikaratusi miwili, Emilian alikuwa ametundika kitambaa chake kama alivyofanya kila sikukuu. Alikuwa amekichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta: Ziwa Nyasa kama linavyoonekana Lituhi alikozaliwa, maji ya buluu, mtumbwi mmoja umeegeshwa, milima imesimama nyuma. Watoto waliovaa meupe walipanga foleni, maana wengi wao hawakuwahi kushuka ziwani, na mama zao walitaka wapigwe hapo.

"Wangu msimamishe katikati kabisa," alisema Mama Tereza, jirani yao mnene mwenye sauti ya kwaya. "Aonekane anatembea juu ya maji kama Petro."

"Petro alizama, mama," mmoja akamjibu.

"Alizama kwa kukosa imani. Wangu leo amekula komunyo!"

Wakacheka. Emilian naye alikuwa akicheka, jicho moja nyuma ya kamera, alipomwona Zita akiikata foleni.

"Dada, wenzako tumetangulia," mwanamke mmoja alilalamika.

"Sikuja kupigwa picha, mama. Nimekuja kupiga."

Kicheko kikakatika. Emilian akaishusha kamera. "Zita. Tuzungumze pembeni."

"Twende huko nyuma ya ziwa lako."

Wakaenda nyuma ya kitambaa, ambako ziwa lilikuwa madoa ya rangi tu yaliyovuja. Chini ya pindo miguu ya akina mama ilionekana ikisogea karibu, bila haraka, kama kuku wanaosogelea mtama.

"Ulimpa bahasha," Zita alisema.

"Zita..."

"Nijibu. Shangazi aling'oa uso wangu kambani, na wewe ukampa bahasha?"

"Ilikuwa bado mbichi. Ingechafuka njiani."

"Ingechafuka njiani!" Zita aligeukia mikaratusi kama anayeitaka iwe shahidi. "Jamani, mtu huyu ana huruma! Haikuchafuka, Emilian. Ilifika salama. Imewekwa mbele ya kitanda."

Emilian alipokea maneno hayo kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa za kusafishia picha, na vidole hivyo sasa vilikuwa vikiufungua na kuufunga mkanda wa kamera.

"Ile picha nilijisafishia mwenyewe," alisema. "Sikukusudia kumpa mtu."

"Basi ungesema."

"Ningesema nini? 'Mama, hii haitoki, naitaka niwe naitazama'? Mbele ya wateja?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo! Kwa maneno hayo hayo!"

Miguu chini ya kitambaa ilisogea tena.

"Zita, mimi mtu wa ziwani," Emilian alisema kwa sauti ya chini. "Baba yako kila akiniona ananiuliza dagaa wanauzwaje. Sina shina hata moja la kahawa. Nina kamera na hiki kitambaa. Yule mwenzangu ana..."

"Usinisomee mali za Joakim. Ungekuwa na shamba ungesema? Mtu asiyeweza kusema 'hiki changu' akiwa na kamera, hatasema akiwa na kahawa. Ulisema nikutazame, nikakutazama. Unajua ilinigharimu nini? Halafu ukayafunga macho yangu kwenye karatasi, ukampa mtu mwingine, ukarudi kazini!"

Hapo Emilian naye akawaka.

"Na wewe? Mbona hasira zote ziko juu yangu? Uliambiwa ukapige picha ya mchumba. Ulikuja. Umevaa gauni la bluu, umechana nywele, umekaa kitini. Ulisema neno? Mimi nilijua umekubali! Nilikupiga ile ya kusimama bila kukutazama, nikajua nimeiharibu, ndiyo maana nikapiga ya pili. Unajua kazi hiyo ilivyo? Kumpamba unayempenda ili apelekwe kwa mwingine, na kumwambia kidevu juu kidogo?"

Lilikuwa neno la kwanza la mapenzi kati yao, na lilitoka kwa ukali hivyo. Wote wawili walilisikia. Upande wa pili wa ziwa mtu mmoja alisema, "Mh!" akanyamazishwa.

Zita alitaka kulishika neno lile. Lakini hasira ilikuwa imejaa mikononi, hakukuwa na nafasi.

"Leo wanakuja," alisema. "Jembe litawekwa mkekani."

"Najua. Shangazi yako ameniambia nije nipige picha."

"Na ukamwambia nini?"

Emilian alitazama chini. "Nilimwambia nitakuja."

Zita alishika pindo la kitambaa atoke. "Mungu akusamehe," alisema, "maana mimi bado."

Alipotokea mbele ya kitambaa, akina mama wote walikuwa wakiangalia mawingu. Mama Tereza peke yake alimsogelea. Hakumwuliza kitu. Alishika pindo la khanga yake mpya ya sikukuu, akamfuta Zita uso, shavu hili na shavu lile, kama anavyofutwa mtoto, akamnong'oneza, "Nenda, mwanangu. Nenda ukiwa mkavu."

*

Uani kwa Mzee Mansuetus, baba yake Zita, wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Siku za kawaida kila mji ulikula kwake, lakini kwa jambo kubwa Mzee Mansuetus bado aliita sengu, ile desturi ya Wamatengo ya wanaume wa ukoo kula chakula kimoja na kulitoa neno moja. Wageni walikuwa wawili tu, Joakim na mjomba wake Alphonce. Walikaribishwa kwa maji ya kunawa na viti vyenye migongo.

Emilian alifika na kamera yake, akasimama juani karibu na banda la kuni. Hakuna aliyemkaribisha, maana siku kama ile mpiga picha ni kama fundi wa bati, anaonekana anapohitajika. Lakini Mama Hildegardi, mama yake Zita, mwanamke wa maneno machache, alimwona amekauka midomo. Akampelekea kigoda kivulini na kikombe cha maji. Alimtazama usoni wakati akinywa, akarudi jikoni bila kusema kitu.

Katika ukoo ule, posa haikujibiwa kwa mdomo. Wageni walileta jembe jipya lililofungwa kitenge, wakalilaza mkekani. Binti akiliinua na kumkabidhi baba yake, amekubali. Akiliinua na kuwarudishia wageni, amekataa. Kuliacha chini lilikuwa tusi, na hakuna binti wa mji ule aliyewahi kuliacha.

Zita aliitwa. Akaja akapiga magoti kando ya mkeka.

"Zita," Mzee Mansuetus alisema, "wageni hawa unawafahamu?"

"Mmoja namfahamu, Baba. Yuko ukutani."

Wazee wakacheka. Joakim naye alicheka, akamwinamia kwa adabu, na Zita akayainamisha macho mkekani.

"Jembe hilo unaliona. Utuambie tulipeleke wapi."

"Ngojeni, ngojeni kwanza!" Shangazi Gertrude alipiga makofi. "Mpiga picha yuko wapi? Sogea, baba. Aliinue huku anatazama kamera, tuwe na ukumbusho."

Emilian alisogea akasimama mbele ya mkeka. Joakim, kwa furaha yake, aliinuka akaja kusimama bega kwa bega naye, apate kumwona mchumba kama kamera itakavyomwona.

"Mwambie akutazame," Shangazi alisema.

Emilian aliinua kamera. Akasema, "Nitazame."

Zita aliinua uso.

Macho yake yalikuwa na hasira ya kuchoma nyasi mbichi. Lakini chini ya hasira ile, kama moto unavyokaa chini ya jivu, palikuwa na kule kutazama kwa siku ile ya studio, kuleule. Emilian hakubonyeza. Na Joakim, aliyekuwa pembeni yake, taratibu alitia mkono ndani ya koti, akatoa picha ndogo. Akaitazama. Akamtazama Zita. Akageuka akamtazama mpiga picha.

"Fundi," alisema. "Siku ulipopiga hii, upande wa kamera alisimama nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

Emilian aliishusha kamera. "Hakuna mwingine."

Wazee wakageuza vichwa kwa Joakim.

"Joakim," mjomba wake aliuliza, "kuna nini?"

"Kuna hiki, Mjomba." Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye ghadhabu. "Picha hii nimelala nikiitazama, nimeamka nikiitazama. Nimenunua vikombe kwa ajili yake. Kumbe siku zote hizo nilikuwa nikiyajibu macho ambayo hayakuniita."

"Picha ni picha tu!" Shangazi akaruka. "Macho ni macho!"

"Mama, kazi yangu ni kutazama kahawa. Mtu huniletea kiganja cha punje safi, gunia likija ni jingine. Kahawa haina kosa. Aliyeniletea kiganja ndiye ninayemtaka." Kisha akageuka kwa Zita haraka. "Samahani, dada. Wewe si kahawa. Nina hasira."

Mzee Mansuetus alisimama. Alikuwa mtu wa mabega, na fimbo yake ilisimama pamoja naye.

"Zita. Ni kweli asemayo?"

"Ni kweli, Baba."

"Na wewe, mtu wa dagaa?"

Emilian alivua mkanda shingoni, akaiweka kamera juu ya kigoda. Mikono yake ilibaki mitupu, na hakujua aiweke wapi.

"Mzee, shikamoo. Picha ile ilikuwa yangu. Shangazi alipoing'oa nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kumemwaibisha huyu ndugu na nyumba yako. Leo nasema, ingawa nimechelewa. Nampenda Zita. Sina kahawa. Nampenda."

"Unanena hayo uani kwangu! Mbele ya wageni wangu! Umeitwa kufanya kazi!"

"Ndiyo, mzee."

"Mshenzi mkubwa!"

"Ndiyo, mzee."

Kaka zake Mansuetus walikuwa wamekwisha inuka. Lakini Zita alikuwa ameinuka kabla yao. Aliokota jembe kwa mikono miwili, kitenge kikaning'inia. Akapita mbele ya baba yake. Akapita mbele ya Emilian bila kumtupia jicho. Akapiga magoti mbele ya Alphonce na mpwa wake.

"Jembe lenu zuri," alisema, na sasa machozi yalimtoka. "Lipate shamba linalolistahili. Kaka Joakim, sikukudanganya mimi, lakini umedanganywa kwa uso wangu. Naomba unisamehe."

Alphonce alitaka kusema kitu kikali, aliyeiona midomo yake alijua. Joakim alimtangulia. Alilipokea jembe mwenyewe, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akamwekea Zita ile picha ndogo kiganjani.

"Hii si yangu," alisema. Kisha akamgeukia Mansuetus. "Mzee, chakula kimeshapikwa, naisikia harufu yake. Tutakula, ndipo tuondoke. Watu wasije wakasema tulifukuzana. Na wewe fundi, ulikuja kupiga picha. Tupige."

Wakajipanga mbele ya mlango, wenyeji na wageni. Emilian akapiga. Katika picha ile, ambayo ilikaa miaka mingi ndani ya nyumba ile, hakuna mtu hata mmoja aliyetabasamu. Shangazi Gertrude ametazama pembeni, Mzee Mansuetus ameishika fimbo kama rungu, na Joakim, kijana wa watu, amesimama wima na jembe lake, akijitahidi.

*

Wageni walipokwisha ondoka, Mansuetus alimfuata Emilian mpaka kwenye banda la kuni.

"Toka," alisema. "Sikujui. Nisikuone kwangu."

Emilian alikusanya vitu vyake. Mama Hildegardi alitoka jikoni na makande yaliyofungwa ndani ya jani la mgomba, akayatia ndani ya mfuko wa kamera mbele ya macho ya mumewe.

"Njia ya Mbinga ni ndefu," alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

Zita alimkuta Emilian ameshashuka mpaka kwenye kona ya shina la mwisho la kahawa. Alikuwa amekimbia, na kuhema kulimwongezea hasira.

"Usidhani nimekusamehe!"

"Sidhani."

"Ulinyamaza mpaka mtu mwingine akasema kwa niaba yako. Joakim amenitetea mimi kuliko wewe! Nitakasirika wiki hii, na wiki ijayo, na nikichoka nitapumzika nianze tena."

"Una haki."

"Usinipe haki, mimi si hakimu! Nina hasira!" Alimpiga kifuani na ngumi iliyoshika ile picha, si kwa nguvu. Ngumi ilibaki pale. Emilian hakuigusa, ila alisimama imara ili ipate pa kuegemea.

"Baba yako amesema asinione," alisema hatimaye.

"Nimesikia. Una wazee?"

"Baba mdogo. Yuko Lituhi."

"Kamlete. Kamera iache huko huko." Zita alijifuta pua kwa nyuma ya mkono. Mbali, uani, sauti ya Mansuetus ilisikika ikimgombeza Shangazi Gertrude, na ya Shangazi ikimjibu juu zaidi. "Nataka niwe nakutazama, na pasiwe na kitu mbele ya uso wako."

"Atanifukuza, Zita."

"Atakufukuza," Zita alisema, bado amekunja uso. "Njoo tena. Akikufukuza mara ya pili, njoo tena."